KABLA HUJALIPA, LIPIME PANGA LAKO

Sisi tunaokaa Kilakala tunaishi chini ya milima. Ukitoka nje asubuhi unaiona Uluguru imejifunika ukungu. Mashamba ya wengi wetu yako huko juu kwenye miteremko, na wengine wanalima upande wa Bigwa. Kazi yetu ni ndizi, mahindi, maharage, magimbi, mboga na matunda. Kazi hizo zote zinahitaji chuma chenye makali. Mkulima bila panga ni kama mwalimu bila chaki.

Lakini je, tunajua kununua panga? Tunajua kununua kisu? Tukienda kununua kuku tunampapasa kifua, tunamtazama macho, tunamnyanyua kuona uzito wake. Tukienda kununua panga tunauliza neno moja tu: “Bei gani?” Kisha tunalipa, tunaondoka. Huo si ununuzi, ndugu zangu. Huo ni mchezo wa bahati nasibu.

Leo nataka tujifunze pamoja jinsi ya kulipima panga au kisu kabla ya kutoa fedha. Kisu ninachokisema hapa ni kile ambacho hakikunjwi, chenye mpini na bapa vilivyoungana moja kwa moja. Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji macho, masikio, mikono na subira kidogo.

Jambo lililompata jirani yangu

Nianze na kisa. Jirani yangu mmoja hapa Kilakala alinunua panga kwa mchuuzi aliyekuwa anapita njiani. Lilikuwa linang’aa kama kioo. Mpini wake ulikuwa umepakwa rangi nyekundu, unapendeza kweli kweli. Bei ilikuwa chini. Akasema, “Leo nimeokota.”

Ilikuwa wakati wa masika. Siku ya tatu alipanda shambani kukata migomba iliyoangushwa na upepo. Mpini ulikuwa umelowa, na mkono wake pia. Alipoinua panga kwa nguvu, bapa likachomoka kwenye mpini. Likaruka nyuma, likamkata mguuni juu ya kifundo. Mtoto wake wa miaka minane alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka pale. Mungu alimnusuru yule mtoto.

Jirani yangu alibebwa hadi hospitali akashonwa. Wiki tano hakupanda mlimani. Ndizi zake ziliivia shambani, nyingine zikaliwa na nyani. Maharage yake yalimezwa na magugu. Tulipouokota ule mpini tukautazama, tulishangaa. Mkia wa chuma ulioingia ndani ya mbao ulikuwa mfupi kuliko kidole gumba! Ulishikwa na msumari mmoja tu, nao ulikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ile rangi nyekundu ndiyo iliyoficha yote.

Sasa wewe niambie. Lile panga lilikuwa rahisi au lilikuwa ghali?

Chuma si chuma tu

Kabla ya kupima lazima tujue tunapima nini. Watu wengi husema, “Chuma ni chuma.” Si kweli.

Chuma cha panga kimechanganywa na kitu kiitwacho kaboni. Kaboni ni kitu kile kile kilichomo katika mkaa. Kiasi chake ni kidogo sana, lakini ndicho kinacholeta tofauti. Katika kilo 100 za chuma, kaboni ikiwa chini ya robo kilo, chuma hicho ni laini. Kinafaa kwa misumari na waya za kufungia. Ukikifanya panga, makali yake yatajikunja. Kaboni ikiwa kama nusu kilo hadi kilo moja katika kilo hizo 100, chuma hicho kinaweza kufanywa kigumu, kikashika makali. Hicho ndicho wazee waliita pua. Panga la feleji lililosifiwa tangu zamani lilikuwa la chuma kizuri cha namna hiyo.

Lakini kaboni peke yake haitoshi. Chuma lazima kipitie moto kwa utaratibu. Nilikwenda kwa mzee mmoja mhunzi hapa mjini Morogoro, anayetengeneza visu na mapanga kwa springi za magari. Nilimkuta anavukuta moto.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Karibu ukae.”

“Mzee, nimekuja kuuliza. Panga zuri linatokana na nini?”

Akacheka. Akasema, “Panga ni kama ugali. Unga mzuri, moto mbaya, hakuna ugali. Moto mzuri, unga mbaya, hakuna ugali.”

Kisha akanieleza kazi yake kwa hatua tatu. Naziandika hapa kwa ufupi:

1. Chuma hupashwa moto mpaka kiwe chekundu sawasawa. Mzee ana sumaku aliyoitoa katika spika ya redio iliyokufa. Chuma kikipata moto wa kutosha, sumaku haikishiki tena. Jambo hilo hutokea kwenye joto la digrii 770 hivi.

2. Hapo chuma hutumbukizwa katika mafuta au maji ili kipoe ghafla. Sasa kimekuwa kigumu mno. Lakini ugumu huo ni wa kioo. Kikianguka kwenye jiwe kinaweza kuvunjika.

3. Kwa hiyo hupashwa tena moto mdogo, ili kipunguze ukali wa ugumu na kipate uvumilivu. Mhunzi hutazama rangi juu ya chuma kilichosuguliwa. Kwanza inakuja rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha bluu. Kisu cha kukatia nyama husimamishwa mapema. Panga la kufyekea huachwa liende mbele zaidi, maana linapiga miti na mawe, nalo linahitaji uvumilivu kuliko ugumu.

Basi, ndugu msomaji, hapo ndipo penye siri. Panga zuri halitakiwi kuwa gumu kupita kiasi, wala laini kupita kiasi. Likiwa gumu mno litameguka. Likiwa laini mno litajikunja. Tunatafuta lililo katikati.

Kipimo cha kwanza: macho

Lishike panga kama unavyoshika bunduki, mgongo wake ukielekea juu. Funga jicho moja. Tazama kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha. Je, limenyooka? Panga lililopinda tangu dukani halikupashwa moto vizuri, au halikunyooshwa baada ya kupoa.

Sasa tazama unene wake. Mapanga mengi mazuri huwa manene zaidi karibu na mpini, kisha yanapungua kidogo kidogo kuelekea ncha. Hilo husaidia mkono usichoke. Panga jembamba kama bati kila mahali litayumbayumba kila ukipiga.

Tazama makali. Pitisha macho, usipitishe kidole! Kama kuna mapengo, au mahali ambapo ukingo umejikunja, liache. Kisha tafuta alama za bluu au zambarau karibu na makali. Panga likinolewa kwa mashine bila kupozwa, huungua hapo. Mahali palipoungua huwa laini, makali hayakai. Kumbuka tulivyosema kuhusu rangi: chuma kikifika bluu kimelegea. Kwenye mgongo si neno. Kwenye makali ni hasara.

Tazama pia kama kuna ufa. Nyufa hupenda kujificha mahali pawili: kwenye makali, na pale bapa linapokutana na mpini. Ufa mwembamba kama unywele leo, kesho utakuwa vipande viwili. Na rangi nzito au vanishi nyingi itazame kwa mashaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kipimo cha pili: mpini

Hapa ndipo jirani yangu alipopotea. Naomba uyasome maneno haya mara mbili.

Bapa la panga lina mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini. Kuna namna mbili. Namna ya kwanza, mkia huo ni mpana, unakwenda mpaka mwisho wa mpini, na vipande viwili vya mbao au plastiki vimefungwa pande zote mbili. Ukitazama ukingo wa mpini unauona mstari wa chuma toka mwanzo hadi mwisho. Namna ya pili, mkia ni mwembamba, umeingizwa ndani ya tundu la mpini. Huuoni.

Kwa panga na kwa kisu cha kazi nzito, chagua namna ya kwanza. Unaona unachonunua. Kisu chembamba cha mboga kinaweza kuwa cha namna ya pili, maana hakipigi kitu kwa nguvu.

Kisha hesabu ribiti. Panga linatakiwa liwe na ribiti tatu au zaidi, zilizogongwa zikalala sawa na mbao. Ribiti mbili kwa panga ni chache. Moja ni hatari. Pitisha kidole juu yake. Ikiwa inakwaruza kidole dukani, itakuchubua kiganja shambani.

Sasa lifunge bapa kwa kitambaa kinene, lishike kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike mpini. Jaribu kuzungusha mpini kwa nguvu za kawaida. Usicheze hata kidogo. Ukisikia “kwi kwi,” lirudishe. Liinue kwenye mwanga uone kama kuna nafasi kati ya chuma na mbao. Maji yataingia hapo, kutu itafuata, na mbao itaoza kutoka ndani bila wewe kujua.

Mbao yenyewe itazame mistari yake. Mistari ikienda sawa na urefu wa mpini, ni imara. Ikikata mpini kwa mshazari, itapasuka hapo. Plastiki si mbaya, lakini ile nyepesi hupasuka ikikaa juani muda mrefu. Na sisi wa Uluguru tuna jambo letu: huku juu kuna unyevu, kule bondeni kuna joto kali. Mbao isiyokauka vizuri itasinyaa kiangazi na mpini utalegea. Wengi wetu huuloweka kwenye maji usiku kucha. Unakaza, ndiyo, lakini ukikauka unalegea tena. Dawa ni kupiga ribiti upya au kubadili mpini.

Kama unataka kuchonga mpini mwenyewe, mpera wa shambani kwako unafaa, na mkole pia. Usiingie kukata mti ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Msitu ule ndio unaotunza vyanzo vya maji tunayokunywa, nasi, na watu wa Dar es Salaam wanaotegemea mto Ruvu.

Kipimo cha tatu: masikio

Lishike panga kwa vidole viwili penye mpini, liache lining’inie. Ligonge bapa kwa sarafu au kwa kucha. Panga zima hulia “ngiii,” sauti safi inayokaa kidogo. Likilia “tap,” sauti iliyokufa, kuna jambo. Labda lina ufa, labda mpini umelegea.

Lakini tusidanganyane. Kuna wazee wanaosema sauti nzuri ni dalili ya chuma kigumu. Si lazima. Hata chuma laini huweza kulia vizuri. Sauti inakuambia kama panga ni zima. Haikuambii kama lina uwezo wa kushika makali. Kwa hilo kuna kipimo kingine.

Kipimo cha nne: kulipinda kidogo

Muombe muuzaji ruhusa kwanza. Weka ncha ya panga juu ya ubao, usiweke juu ya saruji. Kandamiza polepole mpaka bapa lipinde kidogo tu, kama upinde wa mtoto. Usipinde kwa hasira, na uso wako uwe mbali. Kisha achia.

Panga zuri hurudi likanyooka kama mwanzo. Panga laini hubaki limepinda. Panga lililo gumu mno linaweza kuvunjika. Kisu kifupi na kinene usikijaribu hivi. Hicho si kazi yake kupinda.

Kipimo cha tano: tupa

Hiki ndicho kipimo cha mafundi. Tembea na tupa ndogo mfukoni. Muombe muuzaji akuruhusu kugusa mahali padogo kwenye makali, karibu na mpini, pasipoonekana. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri mara nyingi atakubali. Akikataa usigombane naye, bidhaa ni yake. Lakini na fedha ni zako.

Pitisha tupa mara moja, bila nguvu. Mambo matatu yanaweza kutokea:

• Tupa inazama na kuchimba kirahisi kama inakata sufuria ya alumini. Chuma ni laini. Liache.

• Tupa inateleza kabisa kama iko juu ya kioo. Chuma ni kigumu mno kwa panga. Litameguka likipiga jiwe, na wewe hutaweza kulinoa shambani.

• Tupa inauma, lakini kwa shida, nawe unasikia inakataliwa kidogo. Hilo ndilo panga.

Kwa kisu cha jikoni au cha kuchinjia mambo yanabadilika kidogo. Kisu kinatakiwa kiwe kigumu kuliko panga. Tupa ikikaribia kuteleza si vibaya.

Na sumaku je? Watu wengi hubeba sumaku wakidhani itawaambia ukweli wote. Sumaku hushika chuma kizuri na chuma kibaya pia. Msumari laini unashikwa, na tupa ngumu inashikwa. Lakini kuna jambo moja sumaku inasaidia. Kisu kinachong’aa ambacho sumaku haikishiki hata kidogo, mara nyingi kimetengenezwa kwa chuma cha namna ya vijiko. Chuma hicho hakishiki kutu upesi, lakini hakigangamali kwa moto. Makali yake hayatakaa.

Kung’aa na kutu

Hapo tumefika kwenye swali ninaloulizwa sana: “Ninunue kinachong’aa au cheusi?”

Jibu linategemea kazi. Kuna chuma cha kawaida cha kaboni, ambacho hushika kutu. Na kuna chuma kilichochanganywa na madini ya kromi, ambacho hakishiki kutu upesi. Kila kimoja kina mahali pake.

Mfikirie ndugu yetu wa pwani, kule Mafia au Kilwa, anayepiga mbizi baharini. Huyo hubeba kisu kwa ajili ya kukata kamba au wavu ukimnasa chini ya maji. Kisu chake hakikai kiunoni kwa mapambo. Siku wavu ukimkamata, kisu hicho ndicho pumzi yake. Akichukua kisu cha kaboni, maji ya chumvi yatakila haraka. Siku ya hatari atakuta makali yameliwa, au kimeganda ndani ya ala. Kwa hiyo yeye anatafuta chuma kisichoshika kutu, mkia wa chuma unaofika mwisho wa mpini, mpini usioteleza ukilowa, na ala inayokishika kisu kisidondoke lakini inayokiachia kwa mkono mmoja. Na hata chuma hicho lazima akioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila akitoka baharini, maana “hakishiki kutu upesi” si sawa na “hakishiki kutu kamwe.”

Sisi wa mlimani hatuna chumvi ya bahari. Tuna matope, utomvu wa migomba na mvua. Kwetu sisi panga la kaboni linatosha. Ni rahisi kulinoa kwa tupa na jiwe, na linavumilia mapigo. Kutu yake ni kazi yetu wenyewe: lifute, likaushe, lipake mafuta kidogo. Hata mafuta ya kula yaliyobaki kwenye kikaango yanasaidia kidogo.

Tukijifunza kwa mpiga mbizi, tujifunze jambo moja: yeye hununua kisu akifikiria siku mbaya, wala si siku nzuri. Nasi tufanye hivyo.

Alama na majina

Zamani mambo yalikuwa mepesi kidogo. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, maarufu kwa jina la UFI, kilikuwa kinatengeneza majembe na mapanga ya Watanzania. Baadaye kikaja kiwanda cha Zana za Kilimo kule Mbeya. Ukilalamika, unajua unamlalamikia nani. Leo mapanga mengi madukani yanatoka nchi za nje, kwa majina ya kila namna, mazuri na mabaya yamepangwa pamoja kwenye meza moja.

Soma maandishi yaliyogongwa kwenye bapa. Hapo ndipo kusoma kunapotusaidia, ndugu zangu tuliohitimu kisomo! Jina lililogongwa ndani ya chuma ni afadhali kuliko karatasi iliyobandikwa. Tazama kama herufi ziko sawa. Wagushi hupenda kubadili herufi moja ya jina maarufu ili mtu asiyesoma vizuri adanganyike.

Tunalo pia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Sheria yake ya kwanza ilipitishwa mwaka 1975, na kazi ilianza 1976. Alama ya TBS ni dalili njema. Lakini hata alama huweza kughushiwa, kwa hiyo usiache kutumia macho yako. Na daima dai risiti. Bila risiti, ukirudi dukani wewe ni mgeni. Ukigundua umeuziwa bidhaa bandia, unaweza kupeleka habari TBS au kwenye Tume ya Ushindani.

Usiwasahau na wahunzi wetu. Panga la springi lililotengenezwa na mhunzi mwaminifu laweza kulishinda la dukani. Faida yake ni kwamba unamjua aliyelitengeneza. Likimeguka, unamrudia. Lakini naye mpime kwa vipimo hivi hivi. Mhunzi hodari hakasiriki.

Tufanye hesabu

Chukua kalamu. Tuseme panga baya linauzwa shilingi 6,000 na linakaa mwaka mmoja. Panga zuri linauzwa shilingi 14,000 na linakaa miaka minne.

Panga baya kwa miaka minne: 6,000 × 4 = 24,000.

Panga zuri kwa miaka minne: 14,000.

Tofauti: 24,000 – 14,000 = 10,000.

Aliyenunua cha rahisi amepoteza shilingi 10,000. Hapo hatujahesabu siku alizokaa nyumbani, wala jasho la kufyeka kwa chuma butu, wala kidonda. Jirani yangu akipiga hesabu yake ya wiki tano, anaweka kalamu chini na kunyamaza.

Ukijikata

Hata panga zuri linakata mkono. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ipungue. Lioshe kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo, majivu wala kinyesi cha ng’ombe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama. Watu husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Kutu yenyewe haina pepopunda. Uchafu ulioshikana nayo ndio wenye vijidudu. Kwa hiyo hata panga jipya linalong’aa, likiwa limeshika udongo, linaweza kukuletea ugonjwa huo. Jeraha likiwa refu au lenye uchafu, nenda zahanati siku hiyo hiyo, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Usingoje taya zikaze. Hapo utakuwa umechelewa.

Na ukiwa unafyeka, watoto wakae mbali. Panga likichomoka haliulizi nani yuko nyuma.

Mwisho

Ndugu msomaji, siku utakayokwenda sokoni, Soko Kuu la Chifu Kingalu, Mawenzi, au gulioni kijijini kwako, usiwe na haraka. Tazama, zungusha mpini, gonga usikilize, pinda kidogo, gusa kwa tupa. Dakika kumi tu. Muuzaji akikuambia, “Mzee, unachagua panga au unachagua mchumba?” mjibu kwa upole: “Vyote viwili nitaishi navyo.”

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Mimi naongeza: mwenye kisu kizima ndiye atakayerudi nyumbani na vidole kumi.

Jirani yangu amepona sasa, ingawa anachechemea kidogo akipanda mlima. Juzi nilikutana naye anatoka sokoni na panga jipya. Nilipomuuliza bei, hakunijibu. Alinipa panga mkononi akasema, “Kwanza zungusha mpini.”

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini panga gumu kama kioo halifai kufyekea?
2. Mpini mzuri wa panga una mambo gani matatu?
3. Kwa nini mpiga mbizi wa baharini hachagui chuma kile kile anachochagua mkulima wa Uluguru?
4. Leta panga lako kwenye kikundi. Lipimeni kwa pamoja. Je, ungelinunua tena?
5. Piga hesabu: panga la shilingi 5,000 linakaa miezi sita. Panga la shilingi 15,000 linakaa miaka mitatu. Lipi ni rahisi, na kwa kiasi gani?